Roboti makini imefungwa, zimebaki zinazoongea tu

Saa nane usiku, usingizi hauji, kichwa kimejaa mawazo. Badala ya kumwamsha mtu, wengi sasa wanachati na roboti kwenye simu. Lakini roboti hiyo ikikosea, nani anawajibika?

Woebot, app ya Marekani iliyoanza 2017 kusaidia wenye msongo wa mawazo, ilifungwa Juni 30, 2025. Majibu yake yalikuwa yameandikwa na binadamu kabla. Mwanzilishi wake, Alison Darcy, alitaja gharama na ugumu wa kupata kibali cha serikali.

Agosti mwaka huo, jimbo la Illinois likapiga marufuku akili mnemba kutoa tiba ya kisaikolojia. Faini inafika dola 10,000.

Pengo liko hapa: sheria inambana anayejiita mtaalamu. ChatGPT haijiiti hivyo, ila ndiyo watu wanayoimwagia siri. Bosi wa OpenAI, Sam Altman, mwenyewe alikiri Julai 2025 kuwa mazungumzo hayo hayana kinga ya kisheria kama ya mgonjwa na daktari.

Kwa kupanga mawazo au zoezi la kuvuta pumzi, roboti inasaidia. Ukianza kufikiria kujidhuru, mwamshe mtu. Hata kama ni saa nane usiku.