Tuikimbilie Miti ya Gitega

Wakazi wenzangu wa Gitega, na nyinyi ndugu zetu wa Muyinga mtakaofikiwa na maneno haya, nina ombi moja. Tuchore njia ya mbio katika mji wetu, na vituo vyake viwe miti. Ipite kwenye miti mikubwa, miti ya zamani, miti yenye historia, ili kila wiki kundi la watu lifike mbele yake, liitaje kwa jina na kuhakikisha kwamba bado imesimama.

Naharakisha kwa sababu mji unabadilika upesi. Tangu mwishoni mwa 2018, Gitega ilipotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa, viwanja vinapimwa, kuta zinapanda, barabara zinapanuliwa. Sina ugomvi na ujenzi. Watoto wetu wanahitaji ofisi, shule na kazi. Lakini panapojengwa, mti ndio huondoka wa kwanza, na mara nyingi hakuna anayeuliza. Asubuhi unasikia msumeno, baada ya siku chache kuna magunia ya makaa kando ya barabara, na mwezi ukiisha hata majirani hawakumbuki palikuwa na mti gani. Watawezaje kuutetea mti ambao hawakujua hata jina lake?

Chukueni umuvugangoma. Wataalamu wa mimea wanauita Cordia africana, na ndugu zetu wa Kilimanjaro wanaujua kama mringaringa. Majani yake ni mapana kuliko kiganja cha mtu mzima, na ukiyapapasa yanakwaruza. Unapochanua hufunikwa na maua meupe, na mvumo wa nyuki unakupokea kabla hujafika kwenye kivuli chake. Shina hilo ndilo linalochongwa ngoma zetu: gogo zima hukombwa ndani mpaka libaki ganda, kisha ngozi ya ng'ombe ikawambwa juu yake kwa vigingi. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, nasi tukashangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Sasa jiulize: mgeni akikuomba leo umwonyeshe umuvugangoma mmoja ulio hai ndani ya mji, utampeleka wapi?

Swali hili linaniuma zaidi nikifikiria Gishora, kilomita 7 hivi kutoka mjini. Kule alikojenga mfalme Mwezi Gisabo, ngoma mbili takatifu, Ruciteme na Murimirwa, zimetunzwa kizazi hadi kizazi na watu walioifanya kazi hiyo kuwa heshima ya ukoo. Mti unaotoa ngoma haukuwekewa mlinzi wa namna hiyo. Basi walinzi na tuwe sisi.

Umurinzi nao una haki ya kituo chake. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote, halafu maua mekundu yanatoka juu ya matawi matupu, na gome lake nene lina miiba inayokuonya usipande. Wazee wetu waliuheshimu kama mti wa roho Kiranga, na penye mti huo ndipo zilipofanyika ibada za kubandwa. Mimi na wewe, Mwislamu au Mkristo, hatuombwi kuuabudu. Tunaombwa kuujua, kwa kuwa babu zetu walisimama hapo na shida zao. Na ipo imivumu, ambayo magome yake yalipondwa yakawa impuzu, nguo za mababu kabla ya pamba kufika. Mahali pengi palipokuwa na makao ya wafalme, nyumba za nyasi zilioza zamani, lakini miti ya uani ilishika mizizi ikabaki. Ndiyo ibigabiro. Anayekata mti wa ikigabiro anafuta anwani ya mfalme.

Kuhusu miti iliyotoka mbali, mawazo yatatofautiana. Mikaratusi na grevilea asili yake ni Australia, jakaranda Amerika ya Kusini. Kwa maoni yangu, jakaranda ya zamani iingie kwenye orodha, kwani nayo inaeleza jinsi mji huu ulivyopandwa wakati wa ukoloni. Mkaratusi mmoja unatosha. Tayari umetawala milima yetu, na kiu yake ya maji wakulima wanaijua.

Napendekeza tuanzie mbele ya Makumbusho ya Taifa, yaliyopo tangu 1955, tupite kwenye boma la Wajerumani, walioufanya mji huu makao yao mwaka 1912, tupande hadi kanisa kuu la Mushasha, kisha turudi kupitia mitaa ya watu. Kitanzi cha kilomita 5 hivi kinatosha. Mji uko juu, mita 1,500 na zaidi, na vilima vyake havimhurumii mtu, kwa hiyo kila kituo kitakuwa pia pa kupumulia. Wenye mapafu ya chuma waongeze tawi la Gishora mara moja kwa mwezi. Miti ya katikati sitaitaja mimi. Kila mtaa ulete wake, na watu wa mtaa ndio waueleze.

Mtauliza: kwa nini mbio, wakati tungeweza kuandika orodha tukaiweka ofisini? Kwa sababu orodha haioni gome lililochunwa usiku, wala haioni moto wa takataka uliowashwa kwenye mizizi. Mtu anayepita kila Jumamosi anaona. Isitoshe, kukimbia ni kwetu. Vénuste Niyongabo alituletea dhahabu ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996, medali ya kwanza ya Burundi katika Olimpiki, na Francine Niyonsaba akaleta fedha ya mita 800 kutoka Rio mwaka 2016. Mbio za makundi alfajiri, kwa nyimbo na makofi, ni mazoea yetu ya miaka mingi.

Hapa nisiruke jambo. Machi 2014, baada ya wafuasi wa chama kimoja cha upinzani kupambana na polisi jijini Bujumbura, mbio za makundi mitaani zilizuiwa isipokuwa katika sehemu zilizotengwa. Kwa hiyo tusianze kwa kujitokeza barabarani. Tuanze kwa barua kwa uongozi wa mji, yenye ramani ya njia, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na majina ya wasimamizi kutoka kila mtaa. Nyumbakumi ajue, polisi ajue. Tusivae rangi ya chama chochote, tusiimbe wimbo wa chama chochote. Njia hii ikigeuzwa jukwaa la siasa, itakufa kabla ya mti wa kwanza kupata kibao.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba sauti ya raia inaweza kuokoa mti. Nairobi, mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa uondolewe kupisha barabara mpya. Watu walipaza sauti, na Novemba 2020 amri ya Rais Uhuru Kenyatta ikaamua ubaki. Katika mji huohuo, Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999, leo una wakimbiaji asubuhi na jioni. Wakimbiaji hao ni macho ya msitu.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Tunahitaji kamba, daftari na mzee mmoja kwa kila mtaa. Zungusha kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, uipime, uandike. Andika jina la Kirundi, la Kiswahili kama lipo, na la kitaalamu. Wanafunzi wa vyuo vyetu watusaidie hapo. Kisha muulize mzee nani aliupanda, na nini kilifanyika chini yake. Kibao kisipigiliwe misumari kwenye gome, maana kila msumari ni kidonda kinachokaribisha ugonjwa. Kichomekwe ardhini kwa kijiti chake. Madereva wa taksi-velo, nyinyi mnaoijua kila kona, tuonyesheni miti tusiyoijua.

Tukubaliwapo, tukutane Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tumalize mapema, halafu tuingie kwenye kazi za maendeleo pamoja na wengine. Siku hizo tupande imivugangoma michanga pale palipokatwa mikubwa, na kuanzia Juni, mvua ikiisha, kila mkimbiaji aje na chupa mbili za maji: moja yake, moja ya mche.

Nanyi wa Muyinga, msiseme mnayo Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu na inatosha. Hifadhi iko mbali na mlango wa shule ya mtoto wako. Chagueni miti yenu ya mjini, choreni njia yenu, mtuite. Tutakuja kukimbia kwenu.