Mwenyewe ni nani?

Kabla sijafika mwaka wa tatu nilifanya kazi miaka miwili katika duka moja la fotokopi na uchapaji, karibu na chuo. Nilikuwa natafuta pesa za masomo. Asubuhi nawasha jenereta kama umeme haukurudi usiku, nasafisha virusi katika flashi za wateja, kisha nakaa kuchapa TFC za wakubwa wangu. Jioni naandika madeni. Madeni ndiyo yaliyoleta shida.

Patroni alikuwa anayaandika katika daftari, na daftari lilikuwa linalowa mvua. Akamwita kijana mmoja, fundi wa ordinatere, amtengenezee programu ndogo: jina la mteja, kurasa alizochapa, pesa iliyobaki. Wakapatana dola 150. Hawakuandika kitu. Programu ikafanya kazi vizuri karibu mwaka mzima, mpaka patroni alipofungua duka la pili na kuniagiza niinakili katika mashini ya kule. Nikainakili. Fundi alipopata habari akaja mbio.

"Papa, wewe ulinunua ya duka moja."

"Mtoto wangu, nikinunua jembe, utakuja kuhesabu nalima mashamba mangapi?"

"Papa, hukununua jembe. Ulinunua ruhusa ya kulima na jembe langu."

Wakafika mpaka kwa shefu wa kartie. Yule mzee aliwasikiliza wote wawili, kisha akauliza swali moja tu: "Mliandika nini?" Kimya. Wakati huo fundi alikuwa amekwisha kubadili neno la siri la programu. Madeni ya miezi mitatu yakabaki ndani, na hakuna aliyeyaona tena. Patroni alipoteza pesa yake, fundi alipoteza jina lake mtaani, na mimi, kwa kuwa mkono wangu ndio ulionakili, nilipoteza mshahara wa mwezi.

Mwanzoni nilidhani ile ilikuwa kesi ya mashini. Leo naona ilikuwa kesi ya kitenzi kimoja: kununua. Kila mmoja alikuwa na maana yake, na hakuna aliyesema uongo. Ninaandika haya kuwaambia wanafunzi wenzangu na waalimu wetu mambo mawili. La kwanza, kesi za namna hii ni kazi yetu sisi watu wa lugha. La pili, kitivo chetu kiko mlangoni pa kesi kama hiyo, na tutaingia ndani tusipoandika mapema.

Msidhani wenye mawakili wengi wana akili kuliko patroni wangu. Mwaka 1995 kampuni ya Marekani iitwayo Novell iliuza biashara yake ya Unix kwa kampuni nyingine, Santa Cruz Operation. Unix ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa zamani na wenye thamani kubwa. Mkataba ulisema haki zote za Unix zinauzwa. Lakini katika orodha ya vitu visivyouzwa, mkataba uleule ulitaja hakimiliki. Mwaka 1996 wakaongeza sahihisho: hakimiliki hazimo katika mauzo, isipokuwa zile ambazo mnunuzi anazihitaji ili atumie haki alizopata. Zipi hizo anazozihitaji? Hawakusema. Kila upande ukaweka karatasi kabatini, ukaendelea na kazi.

Biashara ile ikauzwa tena mwaka 2001 kwa kampuni iliyokuja kujiita SCO Group. Mwezi wa tatu mwaka 2003, SCO ikaishtaki IBM, ikidai dola zisizopungua bilioni 1. Ilisema kwamba IBM ilichukua mambo ya Unix ikayatia ndani ya Linux. Linux ni mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo huko Helsinki, na tangu mwaka 1992 mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuugawa. Watu wa nchi nyingi walikuwa wameujenga pamoja. Sasa SCO ikawageukia makampuni yanayoutumia: lipeni dola 699 kwa kila mashini kubwa yenye prosesa moja, au tukutane kortini.

Novell ikajibu: ninyi hamna hakimiliki za Unix, hatukuwauzia. Ndipo kesi yote ikaanguka juu ya neno lile la "kuhitaji". Viongozi wa zamani wakaja kusema kwamba nia yao ilikuwa kuuza kila kitu. Wanasheria walioandika mkataba wakasema hapana, hakimiliki zilibakizwa kwa makusudi. Jembe, au ruhusa ya kulima? Mwaka 2007 jaji wa Utah aliamua kwamba hakimiliki zilibaki kwa Novell. Mwaka 2009 korti ya rufaa ikasema maneno hayako wazi kiasi cha jaji kuyamaliza peke yake. Mwaka 2010 baraza la wananchi likakaa, likasema vilevile: ni za Novell. SCO ilikuwa imekwisha kufilisika tangu 2007. Mabaki ya kesi yake na IBM yalimalizika mwaka 2021 kwa mapatano ya dola milioni 14.25. Miaka 18 kwa sababu ya sentensi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili, katika somo la semantiki, angeipigia mstari mwekundu.

Lakini kinachonivuta zaidi ni walichofanya watu wa Linux katikati ya moto ule. Mwaka 2004 Torvalds alileta karatasi fupi, yenye vipengele vichache tu. Kila anayeleta kipande cha programu anatia jina lake chini yake, na kwa jina hilo anashuhudia: hiki nilikitengeneza mimi, au nilikipata kwa mtu aliyeniruhusu kukitoa, na ninajua kwamba jina langu na mchango wangu vitabaki katika kumbukumbu, mbele ya watu wote. Ni hayo tu. Hakuna wakili anayehitajika kuyaelewa. Tangu hapo, mtu akiuliza mstari fulani ulitoka wapi, kuna jina la kumjibu.

Sasa turudi nyumbani. Hapa chuoni neno "lisansi" lina maana moja: diploma. Tunaikimbilia miaka, tunalipa, tunalala na njaa kwa ajili yake. Lakini leseni ile nyingine, ile ya programu, tunaipita kila siku kwa kubonyeza "nakubali" bila kusoma hata mstari. Mimi mwenyewe ni mkosaji. Pale dukani niliweka programu za wizi katika mashini za watu kwa franka elfu tano, na sikuwahi kumwambia mteja kwamba ipo nyingine ya kuandikia, LibreOffice, ambayo angeipata kwa halali bila kutoa hata franka moja.

Tungesoma, tungeona mambo ya kufurahisha mtu wa lugha. Richard Stallman alipotoa leseni ya GPL mwaka 1989, alitumia neno la Kiingereza lenye maana mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu chenye uhuru. Mpaka leo wafuasi wake wanaeleza kwamba wao wanakusudia uhuru. Kifaransa hakina shida hiyo, kina "gratuit" na "libre". Kiswahili nacho kina "bure" na "huru". Tena chetu kinatuonya, maana "bure" ni kisicholipiwa na pia ni kisichofaa, kazi ya bure, maneno ya bure. Ukimwambia mzee kwamba programu hii ni ya bure, ana haki ya kuitilia shaka. Ukimwambia ni huria, kwamba hakuna anayeweza kukufungia nje ya madeni yako mwenyewe, atasogeza kiti.

Walioandika GPL wanatambua maandishi ya Kiingereza peke yake kuwa rasmi. Tafsiri zipo, ila hazina nguvu, kwa hofu kwamba kosa la mfasiri litaharibu leseni. Hofu hiyo naielewa. Lakini Wafaransa waliandika yao mwaka 2004, CeCILL, ambayo Kifaransa na Kiingereza vina uzito sawa ndani yake. Umoja wa Ulaya una leseni yake katika lugha zaidi ya 20, na kila lugha ina nguvu ileile. Kumbe inawezekana. Kinachotakiwa ni watu wanaojua lugha vizuri kiasi cha kusimama mbele ya maneno yao.

Na uhuru huo umekwisha kutufaa sisi Waswahili. Mwaka 2004 toleo la Kiswahili la OpenOffice lilitolewa Dar es Salaam, kwa kazi ya watu wa chuo kikuu cha kule, likaitwa Jambo OpenOffice. Hawakumpigia mtu magoti wapewe kibali, kwa sababu kibali kilikuwa kimeandikwa tayari ndani ya leseni.

Nije sasa kwenye diski yetu. Kitivo kina diski moja ambayo mimi nasaidia kuitunza. Ndani yake kuna kazi ya miaka: methali, hadithi, nyimbo za harusi, mazungumzo ya sokoni, vyote vilivyorekodiwa na wanafunzi katika Katuba, Kamalondo, Ruashi na vijijini. Hivi karibuni alifika mgeni mmoja, mtu wa adabu, akaomba nakala ili mashini zijifunze Kiswahili chetu. Akaahidi kutuletea ordinatere tano. Kila mtu alifurahi, hata mimi. Kisha nikauliza swali la shefu wa kartie kwa namna nyingine: vitu hivi mwenyewe ni nani?

Nilipata majibu manne. Mwanafunzi aliyerekodi alisema ni yeye. Mwalimu aliyesahihisha maandishi alisema bila yeye zingekuwa kelele tu. Mwingine akasema diski ni ya chuo, basi na vilivyomo ni vya chuo. Jibu la nne halikusemwa na mtu, kwa sababu mwenye kulisema hakuwapo. Ni la yule mama wa Katuba aliyeimba wimbo wa kumwaga binti. Yeye alikubali kumsaidia mtoto wa jirani apate pointi za mtihani. Je, alikubali pia sauti yake ikafundishe mashini ya watu asiowajua?

Sisemi tukatae. Diski isiyosikilizwa na mtu inakufa taratibu, na siku moja umeme utakuja kwa nguvu, ituchomekee. Nataka vitu hivi vitoke, viwe huria, na watakaovitumia waturudishie. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, zilitengenezwa kwa ajili ya maandishi na sauti, na mojawapo inadai kwamba anayejenga juu ya kazi yako naye agawe kwa masharti yaleyale. Lakini huwezi kutoa ruhusa ya kitu ambacho hujui mwenyewe ni nani. Kwa hiyo naleta pendekezo, kwa kuiga ile karatasi ya 2004. Kila rekodi iwe na karatasi yenye mistari minne:

Mimi niliyerekodi ni fulani. Aliyesema ni fulani, na alikubali baada ya kuelezwa, kwa lugha yake, sauti itakwenda wapi. Tunaruhusu watu wengine kusikiliza, kunakili na kutumia. Atakayetengeneza kitu kutokana na hii na kukigawa, akigawe kwa ruhusa hii hii, na ataje ilikotoka.

Najua mstari wa tatu una tundu. "Kutumia" ni neno lenye mlango wazi. Kuuza ni kutumia? Kuiga sauti ni kutumia? Hapo ndipo nawahitaji. Tulikaa mihula mingapi tukichambua viambishi vya vitenzi? Tuchambue kitenzi hiki kimoja kabla ya mgeni kurudi.

Wengine watasema hayo ni ya kitivo cha sheria. Ni kweli, sheria ya haki za watunzi tunayo tangu mwaka 1986, na tangu 2023 nchi ina Kodi ya mambo ya dijitali, na ndugu zetu wa sheria lazima waitwe mezani. Ila wao watayasoma maneno tuliyoyaandika. Tukiwapa maneno mabovu, watatushindia au watatushindwia kwa mabovu hayo hayo. Wengine watasema katika nchi ambayo watu wanatafuta unga, karatasi ya methali ni anasa. Mimi nawajibu kwamba patroni wangu naye alitafuta unga, na unga wake wa miezi mitatu ulipotelea ndani ya mashini kwa kukosa karatasi moja ya mkono.

Wanaotakiwa kuanza ni wanaorekodi, kwa hiyo naanza na mimi. Nina rekodi 23 katika diski ile. Wiki hii nimekwenda kwa watu sita kati ya walionisimulia, nikawasomea ile mistari minne. Watano walikubali. Wa sita, mzee mmoja wa Ruashi, aliniambia: "Hadithi chukua. Jina la mke wangu marehemu lililo ndani yake, toa." Nimelitoa. Kama nakala ingekuwa imekwisha kuondoka na mgeni, ningemjibu nini yule mzee?