Mgeni wa Bukoba aje na mwavuli

NG'AMBO YA ZIWA
Na Ma Koku

"Shemeji, nipo Mwanza."

Ilikuwa saa nne asubuhi, Novemba mwaka jana, na ndizi zilikuwa zimeshaiva jikoni. Mume wa mdogo wangu alitakiwa awe ametua Bukoba tangu saa mbili. Ndege ilifika mpaka juu ya ziwa, ikazunguka mara mbili, rubani akaliangalia wingu lililokalia uwanja, akageuza. Saa nane mchana shemeji alikuwa na kikao Muleba mjini.

"Na yote haya ni mvua tu, shemeji!"

Mvua tu! Wiki hizi watu wameanza kuulizia tiketi za Krismasi, kwa hiyo nayasema mapema. Ushauri wanaopewa wageni wa nchi hii mwingi umeandikwa kwa ajili ya Serengeti: kofia pana, darubini, mafuta ya kuzuia jua, nguo za rangi ya vumbi. Unamfaa anayekwenda kutazama simba. Anayekuja Bukoba na Muleba anakuja kukutana na maji, na maji ndiyo yatakayompangia ratiba, hata kama ni Mtanzania mwenzetu anayedhani ushauri wa safari ni wa wazungu.

Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Musoma, upande wa pili wa ziwa hilihili, haifiki hata 1,000. Sababu ni hii: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa. Hewa ya baridi huteremka kutoka pande zote, ikakutana juu ya maji yenye joto, mawingu yakajijenga humo, kisha upepo wa mashariki ukayasukuma mpaka kwetu. Ndiyo maana mvua yetu hupenda alfajiri na asubuhi, wakati ya Dodoma husubiri mchana. Ndege ya asubuhi na mvua ya asubuhi zinagombea uwanja mmoja, na uwanja wenyewe uko ufukweni.

Hatujasahau Novemba 6, 2022, siku ya Jumapili, ndege ilipotumbukia ziwani mbele ya macho ya mji ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Wavuvi walitangulia kufika na mitumbwi yao. Watu 24 walipona na 19 tukawazika. Tangu siku hiyo, rubani akigeuza ndege namwombea maisha marefu. Wewe unachotakiwa kufanya ni kidogo: usipange kikao siku ya kutua, wala usipange kuondoka Bukoba siku ileile unayotakiwa kuunganisha ndege ya kwenda nje. Acha siku moja katikati. Itakugharimu chumba cha usiku mmoja na sahani ya ndizi.

Zipo njia nyingine. Tangu Juni 2025 basi la Mwanza linapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, zaidi ya kilomita tatu kutoka Kigongo hadi Busisi, mahali ambapo zamani tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko mpaka mtoto aliyelala anaamka. Ipo na meli, New Victoria Hapa Kazi Tu, inayovuka usiku. Mimi naipenda kwa sababu ya kulala. Lakini ukiona mzee wa Kihaya anakataa katakata kupanda meli, usimbishie. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo kufika Mwanza, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia hawakurudi. Wengi wetu tunaye wa kwetu aliyebaki majini. Kwa anayekwenda visiwa vya Muleba, Bumbire au Ikuza au Goziba, kwa boti za mbao, hesabu majaketi okozi kabla ya kuhesabu nauli. Yakiwa pungufu, ngoja boti nyingine, hata kama nahodha anakucheka.

Nchi kavu nako maji yanakufuata. Lami ya kutoka Bukoba kwenda Muleba haina shida. Shida inaanza ukiiacha, kupanda Kamachumu au kuingia vijijini, ambako udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni na bodaboda inatembea kwa ubavu. Shemeji yangu alikuja na raba nyeupe. Nilimwazima gambuti za mtoto wa jirani, akazikataa. Jioni raba zile zilikuwa na rangi ya tofali na yeye alikuwa akizikwangua soli kwa kijiti, kimya. Ukipotea, uliza watu wawili. Sisi Wahaya tunaoitwa nshomile, yaani waliosoma, tunaona aibu kusema hatujui, hivyo kuelekezwa utaelekezwa tu.

Maji yakituama huzaa mbu, na mbu wa Muleba wana historia yao. Walikuwa wameshaizoea dawa ya kawaida ya vyandarua, na ndiyo sababu watafiti walikuja kujaribia wilayani humo vyandarua vyenye PBO, kemikali inayomnyima mbu uwezo wa kuihimili dawa hiyo. Watoto waliolalia vyandarua hivyo walikutwa na malaria kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza kwa kutegemea matokeo hayo ya Muleba. Kwa hiyo huwa nakasirika ninapoingia nyumba ya wageni na kukuta chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda kama pambo la harusi, na kina tundu la kupitisha ngumi. Kabla hujalipia chumba kifungue, kining'inize, kimulike kwa tochi ya simu. Beba sindano na uzi. Na ukirudi Dar, homa ikikupata wiki mbili baadaye, usimwambie daktari ni uchovu wa safari. Mwambie umetoka Kagera.

Kuogelea je? Ufukwe wa Bukoba ni mzuri, tena jioni Kisiwa cha Musira kikiwa mbele yako unaweza kusahau yote niliyoandika. Usisahau kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji yaliyotulia, penye majani na matete, palepale mtoto anapopenda kuchezea. Kama umeshaingia, usiogope, bali baada ya miezi miwili hivi nenda kapime. Dawa yake, praziquantel, ipo.

Nimeyalaumu maji vya kutosha. Hayohayo ndiyo yanayotupa migomba, na Novemba ndiyo yanayotuletea senene. Usiku wanafuata taa. Asubuhi, mvua ikiwa bado inapiga bati, wanawake wanakaa barazani kuwanyonyoa mabawa na miguu mpaka ndoo ijae, kisha kikaangio na chumvi. Bibi yangu aliwaokota maisha yake yote bila kuonja hata mmoja, kwa kuwa mila ilisema senene ni wa mwanamume. Mimi nakula sehemu yangu na ya kwake.

Shemeji aliingia kwa basi usiku ule, kikao kikawa kesho yake. Siku ya kuondoka nilimfungia makopo mawili ya senene ya kumpelekea mdogo wangu, na tiketi safari hii nilimchagulia mimi, siku moja kabla ya kuripoti kazini. Saa moja asubuhi alikuwa uwanjani. Saa mbili na nusu simu yangu ikalia, ujumbe: "Shemeji, mvua imeanza, ndege haijafika. Sina haraka. Nimefungua kopo la kwanza."