Mtoto Akikosea Kutamka, Asichekwe

Mara nyingi twaangalia uzito na chanjo za watoto wetu, lakini twasahau masikio na ulimi. Kusema vizuri nako ni sehemu ya afya.

Tutazame Brazili, ambako watoto wengi hulelewa kwa Kireno. Mtoto wa miaka mitatu huomba "pato" mezani na watu wazima huangua kicheko, kwa maana ameomba bata. Yeye alitaka "prato", yaani sahani. Je, anaumwa? Hapana. Sauti humjia mtoto kwa zamu. Kwa kawaida irabu hutangulia, pamoja na p, b, m, t na n. Sauti za r na "lh" huchelewa, na wengi huzipata wakiwa na miaka minne hivi. Konsonanti zilizoshikana, kama "pr" ya "prato", huweza kungoja hadi miaka mitano.

Katika katuni za Mauricio de Sousa yumo kijana Cebolinha, aliyeanza kuonekana mwaka 1960. Yeye hutamka l mahali pa r, na Wabrazili humcheka kwa upendo. Kucheka katuni si vibaya. Lakini mtoto wa nyumbani akichekwa kila siku huona haya, hunyamaza, na kwa kunyamaza hukosa mazoezi. Afadhali mzazi arudie neno kwa usahihi, bila kukaripia: "Haya, prato yako hii."

Hata hivyo, siafikiani na wale wasemao daima, "Ataacha mwenyewe." Mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyesema neno lolote akiwa na miaka miwili, au ambaye akiwa na miaka mitano bado haeleweki kwa wageni, apelekwe hospitali, na masikio yapimwe kwanza. Sauti asiyoisikia atajifunzaje kuitamka? Kwa sababu hiyo Brazili ilitunga sheria mwaka 2010 kwamba kila mtoto mchanga apimwe masikio bure hospitalini.

Nasi tunaowasikia watoto wakisema "lafiki" badala ya "rafiki" tuwe na subira hiyo hiyo. Ila tusiuite uzembe wetu subira. Miezi inayopotea katika utoto ni vigumu kuifidia.