Mtoto wa Bariadi Si Mzito wa Kuelewa

Nilianza darasa la kwanza katika kijiji kimoja cha Bariadi, miaka mingi kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Aliyesema Kisukuma shuleni alivishwa kipande cha mbao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mkosaji mwingine. Mimi niliomba maji kwa neno la nyumbani, minzi, nikakivaa kutwa nzima. Yaliyofundishwa siku hiyo siyakumbuki hata moja. Kibao nakikumbuka vizuri mno.

Sayansi ya ubongo ilinieleza baadaye nilichokipoteza. Mwaka 2001 Nelson Cowan alionesha kwamba kumbukumbu tunayoitumia papo hapo, tunapofikiri, hubeba takriban vitu vinne tu kwa mara moja. Ya mtoto hubeba pungufu. Mchukue basi mtoto wa Itilima au Meatu anayeambiwa, "Toa tatu kwenye nane." Nafasi zake chache zinajaa kwa kutafuta maana ya "toa" na "kwenye" kabla hajaifikia hesabu yenyewe. Ananyamaza. Mwalimu anahitimisha kuwa ni mzito wa kuelewa, na sifa hiyo humfuata hadi darasa la saba, kama hakuacha shule njiani.

Halafu kuna sikio. Tafiti za Patricia Kuhl zinaonesha kwamba kufikia mwaka mmoja ubongo wa mtoto umekwisha kuzizoea sauti za lugha ya nyumbani. Kisukuma kina irabu saba na toni. Kiswahili kina irabu tano, toni hakina. Mtoto huyu haji shuleni mtupu.

Najua jibu la wenzangu serikalini: Kiswahili kilituunganisha. Ni kweli, nami nakiandika kwa mapenzi. Hoja yangu ni njia ya kukifikia. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, uliendesha madarasa ya utayari wa shule hapa Simiyu: wasaidizi kutoka jamii zilezile waliwaingiza watoto katika Kiswahili kwa hadithi na michezo. Hakuna aliyeacha kuwa Mtanzania.

Ndugu afisa elimu unayesoma haya, mwalimu wa darasa la kwanza aruhusiwe kueleza kwa Kisukuma bila kumwogopa mdhibiti ubora. Na yule aliyepangiwa Maswa akitokea Rombo, asiyejua hata salamu ya wenyeji, apewe msaidizi wa kijijini mwaka wa kwanza.