Kosa ni Tendo, si Kabila

Wananchi wenzetu, sheria humwadhibu mtu kwa alilotenda, si kwa alivyozaliwa. Hata hivyo, kwa Wakenya wenye asili ya Kisomali msingi huo umepinduliwa mara kwa mara.

Mnamo Novemba 1989 serikali iliwaamuru Wasomali peke yao, miongoni mwa makabila yote, wapigwe msasa. Waliokubaliwa kuwa raia walipewa kadi ya rangi ya waridi, nao walikuwa na vitambulisho tayari. Katiba ya 2010 ikaja na Kifungu cha 27 kinachokataza ubaguzi, na cha 49 kinachotaka mshikwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Lakini Aprili 2014, katika msako wa Usalama Watch, maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wakafungiwa vituoni na katika uwanja wa Kasarani.

Sheria nzuri ilishindwaje? Ilishindwa kwa sababu ubaguzi haumngoji hakimu. Huanza barabarani, afisa anapotazama sura na kusikia jina. Hakimu humwona aliyeletwa mbele yake tu. Asiyeandikwa popote, saa zake 24 zitahesabiwa kuanzia lini?

Tutaambiwa kwamba usalama hauna mjadala. Ni kweli watu 67 waliuawa Westgate mwaka 2013, na uchungu huo ni wetu sote. Lakini anayekamata mtaa mzima amekiri kwamba mhalifu hamjui. Zaidi ya hayo, amemfunga mdomo jirani ambaye angempasha habari.

Hatuombi hisani, tunadai haki. Kwanza, kila anayekamatwa aandikwe papo hapo katika kitabu cha matukio: saa, sababu, na jina la afisa aliyemshika. Pili, mkalimani apatikane kituoni, asingojwe mahakamani, kwa kuwa Katiba inataka mshikwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Tatu, afisa anayekamata kwa kabila ashtakiwe yeye binafsi. Tusirudie sheria ya mwaka 1970 iliyowakinga maafisa wasishtakiwe kwa matendo yao ya Kaskazini katika miaka ya 1963 hadi 1967.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kituo kilichozoea kumshika mmoja bila sababu hakitahitaji sababu ya kukushika wewe.