Nguvu ya Chakula Isipotelee Jikoni

Wahenga walisema mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali. Msemo huo una maana ya pekee kwa jamaa za askari zinazoishi Wilaya ya Rusizi, katika nchi iliyojulikana kama Mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Mpunga hulimwa katika bonde la Bugarama. Maharagwe, mihogo, viazi vitamu na ndizi hupandwa milimani, na mboga za majani huuzwa katika soko la Kamembe. Mwenye vitu hivyo ana chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kuulinda na maradhi. Hata hivyo, wapo wadhanio kwamba chungu kisicho na nyama ni chungu cha umaskini. Fedha zikipungua mwisho wa mwezi, huona kwamba watoto wao hawana tena chakula chenye maana.

Fikira hiyo si sahihi. Chakula cha mimea kina nguvu nyingi, ila nguvu hiyo huweza kupotea kabla ya kufika mwilini, na aghalabu hupotea mahali patatu: kinuni, chunguni na mezani.

Kinuni ndiko hasara inakoanzia. Punje ya mpunga ina ganda la nje lisilolika, na chini yake utando mwembamba wa rangi ya hudhurungi pamoja na kiini. Mashine ikiisugua punje hadi ing'ae, utando na kiini hutoka pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B1. Ndipo pumba hupelekwa kwa nguruwe na kuku, na watoto wa nyumba hubakiwa na wanga mtupu.

Jambo hilo lilianza kufahamika katika mazingira ya jeshi. Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika hospitali ya kijeshi mjini Batavia, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliwaona kuku wake wamelegea miguu, hata kusimama hawawezi. Walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali. Akaja mpishi mpya, naye akakataa katakata kuwatolea kuku wa kiraia wali wa jeshi. Kuku wakarudishiwa mchele usiosuguliwa, wakapona. Tangu hapo uchunguzi uliendelea hadi ikajulikana kwamba beriberi, maradhi yaliyoua askari na mabaharia wengi wa Asia, hutokana na kukosa kitu kilichomo katika pumba. Mwaka 1929 Eijkman alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins.

Basi mwenye mpunga wake yafaa aombe usisuguliwe sana. Mchele wa namna hiyo hutaka kulowekwa saa moja, maji zaidi kidogo na muda mrefu zaidi motoni. Unga wa mahindi nao ni vivyo hivyo: dona, ambayo ni punje nzima iliyosagwa, humfaa mlaji kuliko unga mweupe uliokobolewa.

Mahali pa pili ni chunguni. Bibi aliyehamia Kamembe akimfuata mumewe kutoka nchi za chini hushangaa kuona maharagwe yake hayaivi upesi. Kosa si la maharagwe wala la kuni. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na mji uko juu zaidi. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama pwani, na moto ukiongezwa joto la maji halipandi tena. Dawa yake ni kuyaloweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi maji hayo humwagwa, na maharagwe hutiwa maji mapya. Kwa njia hiyo kuni hupungua, na tumbo halijai gesi.

Hapo pana tahadhari moja. Maharagwe mabichi yana sumu iletayo kutapika na kuumwa tumbo, na moto hafifu hauiondoi. Sharti yachemke kwa nguvu kwa nusu saa, ndipo moto upunguzwe hadi yaive kabisa. Isombe, yaani kisamvu, nayo ina sumu yake. Majani hutwangwa vizuri, kisha huchemshwa kwa muda mrefu katika chungu kisichofunikwa, ili sumu itoke pamoja na mvuke. Lakini dodo, yaani mchicha, hutaka moto wa dakika chache tu, na maji yake yasimwagwe, kwa kuwa ndani yake mna vitamini zilizotoka katika majani.

Mahali pa tatu ni mezani, napo ndipo wengi wasipopatilia maanani. Maharagwe yana madini ya chuma, ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Mwaka 2013 wanafunzi wa kike 195 wa chuo mjini Huye, wenye umri wa miaka 18 hadi 27, walishiriki katika utafiti wa siku 128. Wengine walilishwa maharagwe ya kawaida, na wengine maharagwe ya mbegu zilizokuzwa ziwe na chuma kingi. Hali ya damu na akiba ya chuma mwilini ilipanda zaidi kwa wale waliokula mbegu hizo. Mbegu za namna hiyo zimekwisha kutolewa kwa wakulima wa Rwanda.

Lakini chuma cha mimea ni kigumu kufyonzwa. Chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia, na Rusizi ni nchi ya chai, yenye mashamba na kiwanda cha Shagasha. Haina maana kwamba chai iachwe. Inatosha inywewe saa moja au zaidi baada ya kula, hasa na mama mjamzito na msichana aliyevunja ungo. Kinyume chake, ndimu, chungwa, pera au nyanya mbichi vikiliwa pamoja na maharagwe huusaidia mwili kukipokea chuma hicho.

Hapa ufuatao ni mlo mmoja wa watu sita. Maharagwe nusu kilo yaliyolowekwa huchemshwa kama ilivyoelezwa. Yakikaribia kuiva, hutiwa ndizi za kupika nane zilizomenywa, vitunguu viwili na nyanya nne zilizokatwakatwa. Ndizi zikilainika, karanga kikombe kimoja zilizokaangwa na kutwangwa hukorogwa kwa maji kidogo na kumiminwa chunguni. Hizo ndizo mafuta ya mlo huo, na mafuta ya chupa hayahitajiki. Baada ya dakika kumi hutiwa mafungu mawili ya dodo yaliyokatwa na chumvi ya kiasi, na chungu huachwa motoni dakika tano tu. Ndimu hukamuliwa wakati wa kupakua.

Pamoja na hayo, mimea peke yake haitoi vitamini B12, na mtoto mchanga hapaswi kuachiwa viazi na uji wa maji. Hadi miezi sita hunyonya tu, na baadaye hulishwa vyakula vya mchanganyiko huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kwake yeye na kwa mama mjamzito, yai, maziwa au sambaza wa Ziwa Kivu, hata wakiwa wachache waliokaushwa na kusagwa, ni nyongeza ya lazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 hadi 2020 ulikuta kwamba watoto 33 katika kila 100 wa Rwanda walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Watoto hao hawakuwa wote wa nyumba zisizo na chakula.

Kwa hiyo mama wa nyumbani, na baba naye anapokuwa likizo, waanze na mambo yasiyogharimu fedha: maharagwe yalowekwe jioni, bustani ya jikoni ipandwe dodo japo katika magunia mawili nyuma ya nyumba, na birika la chai lisiletwe mezani mpaka sahani zimekwisha kuoshwa.